Niende peke yangu au twende wawili?

Barua iliyonifikia ni ndefu kuliko hivi. Nimeifupisha na kuondoa yanayoweza kumtambulisha mwenyewe.

"Shikamoo mama. Nina miaka 38, naishi Morogoro, nina mke na watoto wawili, ndoa yetu ina mwaka wa tisa. Miaka miwili iliyopita kazini walipunguza watu na mimi nikawemo. Nikafungua biashara ya spea za pikipiki, ikafa. Sasa mke wangu ndiye anayeendesha nyumba, ana duka la nafaka. Kila siku ni ugomvi. Yeye anasema sana, mimi nanyamaza au natoka. Wasimamizi wetu wa ndoa wametukalisha mara tatu, mchungaji mara moja. Tunapatana wiki mbili, tunarudi palepale. Sasa amesikia habari za wataalamu wa saikolojia, anasema twende. Naogopa, kwa sababu kuna kitu hajui: nilichukua mkopo wa kausha damu, nikaweka kadi ya pikipiki, na deni limekua. Kila siku naamka saa tisa usiku na mawazo. Je, niende peke yangu kwanza au twende wawili? Nikikuambia habari ya deni, utamwambia? Na ninyi mnafanya nini ambacho wazee hawakufanya? Halafu tukija, tuje na cheti cha ndoa?"

Marahaba, baba.

Mtu anayeamka saa tisa usiku hana haja ya kuzungushwa, kwa hiyo jibu litangulie. Nendeni wawili. Habari ya deni mwambie wewe mwenyewe, isitoke kwangu wala kwa mtaalamu mwingine yeyote. Na huko kukosa usingizi kuangaliwe upande wake, na mtu tofauti na yule atakayewakalisha wawili. Hilo la katikati ndilo gumu, nitakaa nalo zaidi.

Swali lako la "utamwambia?" wengi wanalo mfukoni na hawalitoi, ndiyo maana nimelipenda. Mtu akija kwangu peke yake, mambo ni mepesi. Aliyeko kitini ndiye mteja, anachosema ni chake na kinabaki chumbani, isipokuwa kama kuna maisha ya mtu yako hatarini au mtoto anaumizwa. Wakija wawili, mteja wangu si mume wala si mke. Mteja ni ndoa yenyewe, na ndoa haina mdomo wake. Ina midomo miwili inayosemeana juu kwa juu. Sasa mmoja wa midomo hiyo ukininong'oneza jambo pembeni, nimekuwa wa nani?

Wataalamu tunatofautiana hapa. Wapo wasiokubali kabisa kumwona mmoja peke yake, ili siri isipate pa kuingilia. Wapo wanaotunza kila kitu na kuendelea. Mimi nilikuwa wa kundi hili la pili mpaka nilipoaibika. Miaka ya mwanzo ya kazi yangu, mume mmoja (mambo yake nimeyabadili kidogo) aliniambia tukiwa wawili tu kwamba alinunua kiwanja kwa jina la kaka yake, na akaniomba nimpe muda. Nikampa. Vikao vinne mkewe alikaa mbele yangu akisema haelewi hela ya nyumba inakwenda wapi, nami nikitikisa kichwa kama nisiyejua. Alipogundua, hakumgeukia mumewe. Aliniangalia mimi akasema, "Kumbe na wewe ulijua." Hawakurudi, na sikuwa na cha kuwalaumu.

Tangu hapo nina utaratibu ninaowaambia wote wawili kabla hatujaanza, wakiwa wamekaa pamoja. Kila mmoja nitamwona peke yake mara moja. Alichoniambia sitakipeleka kwa mwenzake. Lakini kama ni jambo linalogusa kilichowaleta, sitalibeba muda mrefu: nitamsaidia kutafuta namna ya kulisema, na akikataa, nitasimamisha vikao vya wawili bila kutaja sababu. Najua mwenzake atahisi kuna jambo. Ni heri ahisi kuliko mimi nimfanye mjinga mbele ya macho yake. Mtaalamu mtakayemwona huenda ana utaratibu mwingine. Muulizeni siku ya kwanza, hata kwa simu kabla hamjalipa. Asiyeweza kulijibu swali hilo kwa sentensi mbili tatu hajalifikiria, na mimi nisingemwachia ndoa yangu.

Deni lako linagusa kilichowaleta. Naweza hata kuthubutu kusema kwamba nusu ya ukimya unaomuudhi mkeo ni ukimya wa deni. Yeye anadhani umemchoka.

Kikao hicho cha mtu mmoja kina kazi nyingine ambayo kwangu ni kubwa kuliko siri: ndipo ninapouliza kuhusu woga. Umewahi kupigwa? Umewahi kupiga? Ukisema jambo hapa leo, jioni nyumbani litakuwaje? Kuna mtu anakagua simu yako, anakuzuia kwenda kwenu? Maswali hayo hayaulizwi mbele ya wote wawili, maana anayeogopa atajibu "hapana" huku akimwangalia mwenzake. Nikisikia kwamba kuna kipigo au vitisho, siwakalishi pamoja. Maneno yatakayosemwa kwangu kwa ujasiri yatalipiwa nyumbani, na mimi nitakuwa nimechochea. Hapo njia ni nyingine: kila mtu na msaada wake, na Dawati la Jinsia na Watoto polisi ikibidi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema wazi kuwa hakuna mume wala mke mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kumpiga. Wewe hukuandika habari ya kupigana, na nakuamini. Ila mkeo nitamuuliza, na nitaamini atakachosema yeye pia.

Sasa wazee. Sitaki ufikirie nawadharau. Wasimamizi wenu wana kitu ambacho mimi sina: miaka kumi ijayo watakuwa bado wanakuja kwenu Krismasi, na mimi nitakuwa nimeshasahau sura zenu. Mzee akimwambia kijana "rudi nyumbani, yaishe," nyuma ya neno hilo kuna ukoo mzima. Ndoa nyingi zimeokolewa hivyo, pamoja na chache ambazo zingestahili kuachwa zife, lakini hilo ni somo la siku nyingine.

Tofauti iko kwenye swali linaloulizwa. Kikao cha wazee kinauliza: nani kakosea? Kwa hiyo kila mmoja anakuja na mashtaka na mashahidi, na anayejua kusema ndiye anayeshinda. Mimi nauliza: huwa inaanzaje, halafu nini, halafu nini?

Nyumba yenu siijui, ila nimezisikia nyingi zinazofanana nayo. Jioni, mita ya LUKU inalia. Mkeo anasema, "Baba, umeme." Neno moja tu. Wewe unasikia: huna hela. Unaangalia simu kana kwamba hujasikia. Anarudia kwa sauti ya juu, "Nimesema umeme!" Unasikia: si mwanaume wewe. Unavaa ndala, unasema "natoka kidogo," unakwenda kijiweni. Yeye anabaki na watoto gizani, na anachosikia mlango unapofungwa ni: niko peke yangu kwenye ndoa hii. Kesho atasema kwa sauti kubwa zaidi ili safari hii usikie. Wewe utatoka mapema zaidi ili safari hii usikute.

Mkipelekwa mbele ya wasimamizi, yeye atasema "anatoka hovyo, hajali," wewe utasema "ana mdomo." Wote mnasema kweli. Wataamua: wewe acha kutoka, na wewe mama punguza maneno. Mtatii, wiki mbili. Unajua kwa nini wiki mbili? Kwa sababu kila mmoja ameambiwa aache kile anachokitumia kujikinga, na hakupewa kingine cha kushika.

Kwa hiyo kazi yetu ni kuirudisha ile jioni polepole mno, mpaka ionekane ya kijinga. Kikao cha dakika 60 au 90 kinaweza kwisha tukiwa bado kwenye zile sekunde 20 za neno "umeme." Nitakuuliza: aliposema hivyo, mwilini ilikuwaje? Wanaume wengi hunijibu "kawaida tu." Huwa nasubiri. Baada ya muda anasema, kifua kilibana. Ukajiambia nini? Kwamba sina faida. Mkeo analijua hilo? Hapana. Basi geuka, mwambie yeye, mimi niache. Hapo ndipo penye kazi, na usitegemee filamu, mara nyingi mke anajibu kwa hasira, "Sasa mbona hukuwahi kusema?" Hasira hiyo mimi huwa naifurahia, kwa sababu ni ya mtu anayetaka kujua.

Kisha nitamgeukia yeye, maana sikusudii kumfanya mkeo kuwa mkosaji mwenye sauti kubwa. Nini kinakuwa ndani yake mlango unapofungwa? Naweza kukisia kwamba haitakuwa hasira peke yake, lakini nisimjibie asiyekuwepo.

Mzunguko huu wa mmoja kufuata na mwingine kukimbia sikuugundua mimi. Kuanzia miaka ya 1980 Sue Johnson na Leslie Greenberg, wakiwa Kanada, waliujengea tiba nzima ya wanandoa, inayoshughulika na hisia zilizo chini ya ugomvi kuliko ugomvi wenyewe. Johnson aliegemea kazi za John Bowlby na Mary Ainsworth kuhusu mtoto na mlezi wake. Na hapa huwa napenda kuwakumbusha wanaosema saikolojia ni mambo ya Wazungu: Ainsworth alianza kuyaona haya Uganda. Alifika Kampala mwaka 1954, akawa anatembelea nyumba 26 za Waganda katika vijiji vya karibu, zenye watoto wachanga 28, anarudi kila baada ya wiki mbili, anakaa sebuleni na mama na kutazama tu. Aliona jinsi mtoto anayemwamini mama yake anavyokwenda kucheza mbali, anageuka kuhakikisha yupo, kisha anaendelea. Na aliona kwamba wengine hawakuwa na utulivu huo: walilia sana hata wakiwa mikononi. Kitabu chake kilitoka mwaka 1967. Waliomfuata walituonyesha kwamba mtu mzima hajaachana na tabia hiyo. Anapohisi mtu anayemtegemea hapatikani, ama atapaza sauti ama atajikunja. Mkeo anapaza. Wewe unajikunja. Wote wawili mnauliza swali lilelile, "upo?"

Jambo jingine la kuchukua, hata kama hamtakwenda kwa mtaalamu yeyote. John Gottman na Robert Levenson, huko Marekani, waliwaweka wanandoa chumbani wakibishana huku vipimo vikisoma mapigo ya moyo na jasho, kisha wakawafuatilia kwa miaka. Gottman anasema moyo ukipita kama mapigo 100 kwa dakika, mtu hasikii tena, anajilinda tu. Huhitaji kipimo, utajua kwa masikio kuziba na mikono kuwa ya baridi. Hapo ubishi hauna maana, mwili unahitaji angalau dakika 20 utulie. Kwa hiyo kutoka kwako nje si kosa lote, baba. Kinachomuumiza ni kutoka bila kusema unarudi lini. Jaribu hivi: "Hasira zimenipanda. Nazunguka mtaa, narudi saa mbili kamili tuongee." Na saa mbili kamili uwe mlangoni. Usirudi saa tano.

Watafiti hao wanataja pia sumu kubwa kuliko zote katika ndoa: dharau. Kwao Marekani wanaitambua kwa kuzungusha macho. Sisi tuna ya kwetu, ina na sauti: msonyo. Nikiwa kikaoni mtu akamsonya mwenzake, nasimamisha kila kitu, hata kama alikuwa anaeleza jambo la maana. Tusi linaweza kuombewa radhi kwa kuwa lina maneno. Msonyo ukiulizwa unajibu "sijasema kitu."

Na nisikudanganye: hamtamaliza kila mnachogombania. Gottman anakadiria kuwa asilimia 69 ya migogoro ya wanandoa haiishi, kwa sababu inatokana na tofauti za watu wenyewe. Mwenye kusema ataendelea kuwa msemaji na mkimya mkimya. Tunachotafuta ni mbishane bila kuumizana, na muwe mnarudi mezani haraka.

Tuje kwenye saa tisa usiku.

Umeandika "na mawazo," na kila Mswahili anajua maana yake: si kufikiri, ni kuliwa na fikra. Washona wa Zimbabwe wana neno karibu lilelile, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Daktari Dixon Chibanda alianzia hapo mwaka 2006 Harare, akawafundisha akina bibi wa mtaani kukaa na watu kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza kwa utaratibu maalumu: fungua mawazo, yataje matatizo yote, chagua moja, amua hatua moja ya wiki hii. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha wagonjwa waliopitia benchi hilo walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Nakutajia hili ili ujue kuwa msaada wa mtu mmoja mmoja hauhitaji kochi wala jina kubwa mlangoni. Unahitaji mtu aliyefundishwa, na hatua zinazofuatana.

Kuamka usiku kwa miezi, kukosa hamu ya chakula, mambo uliyoyapenda kukosa ladha, kujiona mzigo: hayo yakikaa zaidi ya wiki mbili karibu kila siku, tunaangalia sonona, ule ugonjwa wa huzuni na kukata tamaa. Sonona inatibika, na haisubiri ndoa ipone. Sasa nakuuliza waziwazi kama ninavyomuuliza kila mtu: hapo saa tisa, huwa linakujia wazo kwamba afadhali ufe? Kama ndiyo, weka barua hii chini. Mwambie leo mtu mmoja unayemwamini, akusindikize hospitali ya rufaa ya mkoa, mwulizie kitengo cha afya ya akili. Mengine yote niliyoandika hapa yatakusubiri.

Kama si hivyo, bado ningependa uwe na mtu wako wa kuongea naye peke yako. Huko mtaishika ile sentensi inayokuamsha. Kwa wanaume waliopoteza kazi huwa inafanana: mwanaume asiyeleta hela nyumbani ni mzigo. Mtaalamu mzuri hatabishana nayo. Atauliza uliisikia wapi kwanza, nani aliisema nyumbani kwenu ukiwa mdogo, na kama mdogo wako angepunguzwa kazini ungemwambia hivyo usoni. Ni njia inayotokana na kazi ya Aaron Beck, aliyeanza miaka ya 1960 kuwafundisha wagonjwa wa sonona kuzikagua fikra zao kama mtu anavyokagua risiti: hii inasema kweli au imeongezwa?

Kwa nini asiwe yuleyule atakayewaona wawili? Nikishakuona wewe mara kumi, nikazijua ndoto zako na madeni yako, mkeo akija atakuwa mgeni ndani ya nyumba yako. Atalihisi hilo kabla hajakaa. Na kuna hatari nyingine ambayo fani yetu haiisemi sana: ukija peke yako kulalamikia ndoa, mke ninayemsikia ni yule anayeishi kinywani mwako. Ni rahisi nikawa wakili wako bila kujua, nikakupa maneno mazuri ya kwenda kumpigia nayo. Nimeona watu walioachana kwa ushauri wa mtaalamu ambaye hakuwahi kumwona mmoja wao. Hata hivyo, kama mkeo ndiye angekataa kuja, ningekuambia uje peke yako tu. Mmoja akibadili hatua zake, hata ngoma inabadilika. Lakini yeye ndiye amekualika. Usiipoteze nafasi hiyo kwa kwenda kujiandaa peke yako miezi mitatu.

Sasa deni. Kabla ya kusema, lijue lote. Chukua daftari, andika ulichokopa, ulicholipa, kilichobaki, riba, tarehe, na kadi ya pikipiki iko kwa nani. Watu wengi wenye kausha damu hawajui wanadaiwa shilingi ngapi kwa sababu wanaogopa kujumlisha. Omba mkataba uusome. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inataka mkopeshaji awe na leseni. Muulize aonyeshe yake, na kama hana, tafuta msaada wa kisheria kabla ya kulipa riba nyingine. Hii si saikolojia, najua. Ila sijawahi kuona pumzi za kuvuta polepole zikimtuliza mtu ambaye kesho asubuhi anakuja kudaiwa mlangoni.

Kisha mwambie. Isiwe kitandani, isiwe kwa simu, isiwe dukani kwake mbele ya wateja. Watoto wakiwa wamelala au wako kwa bibi yao. Anza na jambo lenyewe, usianze na historia: "Nina deni la shilingi kadhaa, nililichukua mwezi fulani, nimekuficha." Taja kiasi chote mara moja. Ukisema laki tano leo, kesho zikawa nane, wiki ijayo milioni na pointi, utakuwa umemfundisha kwamba kila ukifungua mdomo kuna jingine nyuma. Ukweli haulipwi kwa awamu.

Atakasirika, na pengine si kwa hela. Kitakachomuuma ni zile siku zote alizokuuliza "una nini?" ukasema "sina kitu." Usiombe msamaha upatikane usiku huohuo, na usijitetee kwamba ulifanya kwa ajili ya familia, hata kama ni kweli. Akiuliza swali lilelile mara tano, jibu mara tano. Ukiona huwezi kabisa kusema mkiwa wawili tu, basi sema hivi: "Kuna jambo zito kuhusu hela nataka nikuambie, naomba nilisemee mbele ya yule mtaalamu, kwenye kikao cha kwanza." Hilo nalo ni kusema. Lakini likishatamkwa hivyo, kikao kiwe wiki hiyo, usimwache mwenzako akikisia siku 20.

Mambo ya kawaida niyapitie haraka. Vikao vya wawili kwangu huanza mara moja kwa wiki, vikitulia tunapeleka kila baada ya wiki mbili. Baada ya vikao kama sita tunakaa kuangalia kama kuna kinachobadilika. Kama hakuna, nasema, na ikibidi nawapeleka kwa mwingine. Gharama ulizeni mapema, na kama inawazidi, mwanasaikolojia au afisa ustawi wa jamii wa hospitali ya serikali ni mahali pazuri pa kuanzia. Muulizeni mtaalamu alisomea wapi, na kesi ikimlemea anamuuliza nani. Anayewahakikishia kuwaponya, au anayetaka mkutane hotelini, muacheni. Na mtu akiwaambia kwenye kikao cha kwanza kwamba muachane au msiachane, kachukua kazi isiyo yake.

Kuhusu cheti cha ndoa, nadhani umetuchanganya na Baraza la Usuluhishi wa Ndoa. Wengi wanachanganya. Hilo ni chombo cha sheria hiyohiyo ya 1971: mtu anayetaka talaka mahakamani, isipokuwa kwa hali chache zilizotajwa, lazima kwanza apitie baraza lijaribu kuwapatanisha, na likishindwa linatoa hati ya kuonyesha limeshindwa. Mimi sitoi hati yoyote. Siandikii mahakama nani mbaya, na kwenye faili langu hakuna mahali pa kuandika mshindi.

Cheti kiacheni kabatini. Njoo na lile daftari.